Pembe na mithali yake

Zile sanamu ndogo za pembe za Walega, zinaitwa maginga, hazikuchongwa juu ya kupamba nyumba. Ni za wakubwa wa Bwami, ngazi ya kindi: walizishika, walizipaka mafuta, walizisemea mithali. Ndiyo maana zile za kweli zinang'aa na sura imelainika. Wabeleji walikataza Bwami mwaka 1948; nyingi ziko Ulaya.

Leo kuko wenye kuiga sura ile katika mfupa, halafu wanaipaka rangi ionekane ya kitambo. Mkono ni hodari, sikatai. Lakini sanamu iko bubu, mchongaji hakuambiwa mithali.

Wenyeji wa Alaska wangali wanachonga pembe za walrasi, mnyama wa bahari ya barafu. Sheria ya Marekani ya 1972 inawaruhusu, kwani nyama yake wanakula. Huku Mutwanga, Virunga iko mlangoni. Viboko walikuwa karibu 29,000 miaka ya 1970. Mwaka 2005 hawakufika 1,000. Basi mtu asituambie kurudisha sanaa ni kurudisha pembe! Lukwakongo, kinyago cha Walega hao hao, ni cha mti. Kijana mwenye kisu, mimi ningemutuma kwanza Shabunda, akae na wazee.