Tamaa na Mapenzi katika Rosa Mistika

Riwaya ya Rosa Mistika, iliyotungwa na Euphrase Kezilahabi na kupigwa chapa mwaka 1971, imesemwa sana, na aghalabu imesemwa kwa jambo moja. Wako walioishutumu kuwa yafundisha uasherati, hata ikapigwa marufuku shuleni kwa muda. Wako walioitetea kuwa ni onyo kwa wazazi, na baadaye ikawa miongoni mwa vitabu vinavyosomeshwa. Pande zote mbili zimeisoma kama hotuba juu ya malezi. Lakini liko swali jingine ndani yake ambalo halijapewa haki yake, nalo ni hili: tamaa ya mwili na mapenzi ni vitu viwili vinavyopingana, au ni kimoja kilichotenganishwa kwa nguvu?

Lugha yetu si maskini katika jambo hili. Tuna penzi, huba, mahaba na nyonda. Tuna hawaa, uchu na tamaa. Na baina yao tuna ashiki, neno ambalo laweza kuelekea moyoni au mwilini bila ya kuvunjika. Wala waandishi wa kale hawakuuonea haya mwili. Mwana Kupona, katika utenzi aliomtungia binti yake mwaka 1858, alimuusia kumcha Mungu, na katika wosia ule ule akamuusia kujipamba na kujitia manukato kwa ajili ya mumewe. Kwake yeye mwili ulikuwa na mahali pake, na mahali hapo palikuwa ndani ya ndoa.

Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliliingia jambo hili kwa mlango mwingine. Jina la riwaya limetoka katika litania ya Bikira Maria, ambamo Mama huyo huitwa Waridi la Fumbo. Katika Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, iliyotolewa mwaka 1968, jina la mhusika ni sifa yake, naye huishi kwa kulitimiza. Rosa naye amepewa jina la utakatifu, ila yeye ana damu na nyama, na dunia inayomzunguka haimsamehe kuwa nazo.

Kiini cha riwaya, kwa maoni yetu, kimo katika tendo la mapema kabisa. Rosa apata barua ya kijana Charles. Baba yake Zakaria, mlevi na mkali, ampiga vibaya kwa ajili yake. Barua yaweza kuwa mwanzo wa mapenzi, lakini baba aisoma kuwa mwanzo wa uzinzi. Kwa kipigo kile amfundisha bintiye kwamba kupendwa na kutamaniwa ni jambo moja, nalo ni ovu. Rosa alishika somo lake barabara. Kwanza awaogopa wanaume wote kwa jumla; kisha, akiwa masomoni mbali na macho ya baba, awakubali kwa jumla vile vile. Msomaji aweza kudhani kwamba mtungaji amembadili mhusika wake ghafula mno. Hakika hakumbadili. Hofu ni ile ile, kama nguo iliyogeuzwa ndani nje. Asiyefundishwa kupambanua hawezi kuchagua, awe mwoga au awe jasiri.

Charles arudi karibu na mwisho, wakati Rosa ameacha mwenendo wake wa zamani na kutaka maisha ya heshima. Wapendana, na ndoa yatazamiwa. Hata hivyo, Charles ajuapo kwamba mchumba wake si bikira, amwacha, na Rosa ajiua. Ni rahisi kumdhania Charles kuwa mtu wa mapenzi safi, kinyume cha wale waliomchezea Rosa na kumtupa. Lakini tutazame mzani wake. Wale wa kwanza waliuthamini mwili wa Rosa kwa kuutwaa. Huyu authamini kwa kutaka uwe haujatwaliwa. Mzani ni mmoja, na kitu kinachopimwa ni kimoja. Toba ya Rosa, utu wake na upendo wake havikuwekwa mzanini hata siku moja, wala hakuna aulizaye kama mwili wa mwanamume nao wapasa kupimwa. Hivyo mapenzi yajiitayo safi na tamaa iitwayo chafu vyakutana juu ya kaburi moja. Hapa ndipo riwaya inapowapita washtaki wake na watetezi wake pia.

Hata hivyo kitabu kina upungufu, nao wahusu jambo hili hili. Mtungaji atueleza Rosa alikwenda na nani na yakatokea nini. Ni mara chache mno atuelezapo kile Rosa mwenyewe alichohisi. Furaha yake ya mwili, kama aliipata, haina sauti. Na chukizo lake, kama alilipata, halisikiki vema. Twamwona akitamaniwa kuliko tunavyomwona akitamani. Kisha, katika baraza la mbinguni linalofunga riwaya, shauri lageuka kuwa la lawama: ni nani mwenye kosa, Zakaria au Rosa? Swali hilo ni kubwa, lakini lachukulia kwamba kosa lilikuwapo tangu mwanzo katika tamaa yenyewe. Kwamba msichana aweza kutamani na kupenda kwa moyo mmoja, bila ya kuwa mkosaji, ni hoja isiyopata wakili katika baraza lile.

Pamoja na hayo, ni vigumu kutaja riwaya ya Kiswahili ya wakati wake iliyolithubutu jambo hili kwa kiasi hicho. Waalimu wanaoisomesha wamezoea kuwauliza wanafunzi ni nani aliyemharibu Rosa. Ingefaa wawaulize pia ni kwa mzani gani aliitwa mtu aliyeharibika, na ni nani angali akiushika mzani huo mkononi.