Kina cha Sabini

Kanuni ya kutunza sigara nene, zile za majani matupu yaliyosokotwa kwa mkono, husomeka kama kipande cha ushairi: sabini kwa sabini. Unyevu wa hewa asilimia 70, joto digrii 70. Kwa sauti naisifu, kwa maana ina kasoro. Kina hicho kinalia kwa Farenhaiti tu. Kitamke kwa Selsiasi, kipimo cha Cuba kwenyewe zinakotoka, mstari unavunjika: 70 kwa 21. Nashuku wengi wameiamini kwa kuwa inakaririka.

Sigara yenyewe haina habari na vina. Ikilowa, huwaka upande mmoja na kumchosha mvutaji mashavu. Ikikauka, jani la juu hupasuka na moshi huchoma ulimi. Za Cuba mimi huziweka kwenye 65.

Tena, 70 kwa kipimo kipi? Kifungie kipimo chako katika mfuko usiopitisha hewa, pamoja na chumvi ya mezani iliyoloweshwa ikawa kama uji mzito. Kesho yake kinapaswa kusoma 75. Cha rafiki yangu kilisoma 69. Kwa hiyo sabini yake aliyojivunia ilikuwa kama 76, na kasha lilikwisha kunuka ukungu.