Nyuzi Chini ya Mpira

Pasua tairi kuukuu la baiskeli kwa kisu utaona kwamba mpira ndio sehemu nyepesi ya ufundi wake. Kazi yenyewe imo kwenye nyuzi. Zimelazwa mshazari, tabaka juu ya tabaka, kila moja ikielekea upande wake, na katikati umepitishwa utando mwembamba wa mpira ili nyuzi zisisuguane. John Boyd Dunlop, kule Belfast mwaka 1888, alitumia kitambaa kilichofumwa kwenye tairi lake la upepo. Lakini katika kitambaa cha namna hiyo uzi hupita juu ya mwenzake, na gurudumu likizunguka siku nyingi nyuzi hukatana zenyewe kwa zenyewe. Kuziacha zilale sambamba bila kufumwa kulikuwa uamuzi wa mtu aliyetazama sana.

Wengi hudhani kasi na starehe haziketi pamoja. Zinaketi, tena ni ndugu wa tumbo moja. Tairi likibonyea chini ya uzito kisha likajirudi, mpira haurudishi nguvu yote. Nyingine hupotea kuwa joto. Tairi laini lenye kuta nyembamba hupoteza kidogo, na ulaini huohuo ndio humeza vijiwe kabla havijakufikia kwenye kiti. Anayeleta ugomvi ni kinga. Kila unachoongeza kuzuia mwiba kinakaza tairi na kulipa uzito.

Hapo ndipo mafundi wa viwandani wananivutia. Tairi la Schwalbe Marathon Plus limewekewa chini ya meno ukanda wa mpira unaonesa wenye unene wa milimita 5, kiasi kwamba msumari mfupi wa kubandikia karatasi huingia wote bila kugusa tyubu. Saizi zake za kawaida hupita gramu 800. Continental Grand Prix 5000, la mashindano, limepewa utando mwembamba tu wa nyuzi za Vectran, na kwa upana wa milimita 25 halifiki gramu 250. Yote mawili yameweka kinga pale tairi linapokanyaga, ubavuni mkabaki na ulegevu. Ukipita kila siku penye miba ya mgunga, chukua la kwanza wala usione haya kuachwa nyuma. Kwenye lami safi litakuchosha bure.

Kuna njia ya tatu, na mimi naipenda kuliko zote: upana. Miaka ya 1990 waendeshaji wa mashindano ya barabarani walipanda matairi ya milimita 23, yamejazwa upepo hadi yanagonga kama mbao. Leo kwenye mawe ya mbio za Paris–Roubaix wanatumia 30 na zaidi, upepo kidogo, na mwaka 2024 Mathieu van der Poel alishinda kwa wastani wa zaidi ya kilomita 47 kwa saa. Tairi pana lililolegezwa halirushwi juu na kila jiwe, na hulizunguka jiwe badala ya kupambana nalo. Lakini halifuti bahati mbaya: mwaka 2023, kwenye mbio hizohizo, Wout van Aert alipata pancha kwenye kipande cha mawe cha Carrefour de l'Arbre akiwa mbele pamoja na huyohuyo van der Poel, na nafasi ya kushinda ikamponyoka pale. Ukilegeza kupita kiasi nako, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe ikatoboka matundu mawili kwa mpigo.

Baiskeli zetu nzito za inchi 28 zilikuwa na upana huo tangu zamani, ila matairi yake mengi ni magumu na mafundi huyaongezea ugumu kwa kulaza ndani kipande cha tairi bovu. Kwa mbeba mkaa ni hesabu sahihi. Kwa mwanafunzi mwenye daftari mbili, heri tairi laini na kiraka mfukoni. Na kinga ikipatikana moja tu, ifungwe nyuma, kwenye uzito. Mbele pafungwe tairi zima kuliko yote, hata kama ni jepesi, kwa kuwa la mbele likipasuka mteremkoni usukani haushikiki.