Mkono Kabla ya Penseli

Alizeti ikishavunwa, vichwa vilivyokauka huanikwa uani, na wakubwa huvipura kwa fimbo. Hapa Mandewa, kama kwingine Singida, kazi hiyo haihitaji maelezo. Ninachotaka kuchambua ni kichwa kimoja tu kilichowekwa kando na kupewa mtoto wa miaka 4.

Mtazame vidole. Mbegu zimebanana, kwa hiyo ya kwanza haitoki kwa kukwangua na kiganja. Ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada lazima zikutane, zibane, zitikise, ndipo zivute. Ikitoka, pengo linabaki na zile za jirani zinalegea. Bila kuambiwa, mtoto huanza kufuata pengo. Mkono wa pili nao umeshikilia kichwa na kukizungusha kidogokidogo. Ndivyo atakavyoandika baadaye, mmoja na penseli, mwingine ukituliza daftari.

Kupukuchua hindi hujenga nguvu. Mkubwa hufungua mstari mmoja, mtoto husukuma punje kwa kidole gumba kuelekea penye nafasi. Hapo hufanya kazi ile misuli minene iliyo chini ya kidole gumba, na bila hiyo penseli haikai vidoleni.

Mtoto huanza kubana kitu kwa vidole viwili akiwa na miezi 9 hadi 12, lakini kushika penseli kwa vidole vitatu kwa kawaida hutulia kati ya miaka 4 na 6. Hata mifupa 8 midogo ya kifundo cha mkono, ambayo kwa mtoto mchanga karibu yote ni gegedu, huendelea kuwa migumu miaka mingi baadaye. Kumkazania mtoto wa miaka 3 anakili herufi ndani ya mistari ni kuudai mkono kitu ambacho haujawa nacho. Anakandamiza hadi karatasi inatoboka, halafu anaitwa mvivu. Hiyo ni dhuluma.

Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa mwaka 2021 kwa ajili ya watoto hadi miaka 8, imeweka ujifunzaji wa awali sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi. Ujifunzaji huo hauanzii dukani. Kuchambua maharage kwenye ungo kunatosha, na watoto wakubwa kidogo wana mdako: jiwe linarushwa juu, vidole vinakomba kokoto shimoni, kisha jiwe linadakwa kabla halijaanguka.

Ila mzazi mwenzangu, mbegu za kupanda zilizotiwa dawa zisiguswe kabisa. Na mtoto wa chini ya miaka 3 usimpe punje wala mbegu, zitampalia. Huyo mpe donge la unga uliokandwa afinyange, nawe ukae karibu naye.