Kipaza Sauti: Neno Moja, Vyombo Vitatu

Tunapenda kuwaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali walichunguze upya neno kipaza sauti. Neno hili hutumika kwa chombo kinachopokea sauti ya msemaji, kwa kile kinachoikuza, na hata kwa kile kinachoitoa. Utata huo una hasara. Mkazi wa Mbeya anayetaka kuboresha mtambo wake wa muziki akisoma, "Kipaza sauti hiki kisiunganishwe na kipaza sauti cha chini ya omu 8," ataelewa nini? Akiunganisha kwa njia sambamba spika mbili zenye ukinzani wa omu 8 kila moja, ukinzani wa jumla huwa omu 4. Mkondo wa umeme huongezeka, na kikuza sauti kisichoundwa kuuhimili huweza kuungua.

Mafundi wa Mwanjelwa, Mbeya, na wenzao wa mjini Iringa hawasumbuki: husema maiki, amplifaya na spika. Yawezekana mtu akalipinga neno spika kwa kuwa ni cheo cha Bunge. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani upatanisho wa kisarufi huondoa utata: Spika amewasili, spika imeungua.

Kwa hiyo twapendekeza neno kipaza sauti libaki kwa maikrofoni peke yake, kikuza sauti litumike kwa amplifaya, na spika libaki spika. Istilahi haina budi kumlinda mtumiaji kabla ya kuipamba lugha.