Fasihi Simulizi Katika Kanda za Video

Wanaozililia leo maktaba za video za mitaani huomboleza rafu zilizojaa kanda na filamu za kukodi. Majonzi hayo ni ya haki, ila yamesahau hasara kubwa zaidi. Jijini Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, alizitafsiri filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa sauti yake pekee: aliwasemea wahusika wote, akafafanua desturi ngeni, akatia na mzaha. Usimulizi huo una fanani, hadhira na utendaji, nguzo tatu za fasihi simulizi. Duka likifungwa, filamu ya kigeni hupatikana kwingine. Sauti ya fanani hupotea pamoja na kanda iliyoota ukungu. Wataalamu waliokusanya ngano hawana budi kuzikusanya kanda hizo pia.