Safu Inayogeuka

Kati ya sanaa ambazo mtu anaweza kuanza kujifunza akiwa na miaka sabini, dansi ya safu naiweka mbele kabisa, na ningependa kuiona ikishika mizizi katika kila kokwet, yaani kila ujirani, wa Kericho na Bomet. Kwanza, haidai mwenzi. Katika dansi ya wawili wawili, mjane hubaki kitini akiwatazama wenye waume, na mzee aliyefiwa na mkewe huona haya kumwomba mke wa mtu mkono. Katika safu kila mtu husimama kwa miguu yake mwenyewe, ila hachezi peke yake. Lakini sababu kubwa ya kuisifia ni kwamba sanaa hii hupima kumbukumbu na utulivu, haipimi wepesi wa viungo. Kwa hiyo mkongwe anaweza kuwa bingwa wake halisi, asiwe mtu anayepigiwa makofi ya huruma.

Tazama hatua yake ya msingi. Mguu wa kulia unakwenda pembeni, wa kushoto unapita nyuma yake, wa kulia unakwenda pembeni tena, halafu wa kushoto unagusa sakafu tu bila kubeba uzito. Hesabu nne, kisha unarudi ulikotoka kwa mtindo uleule. Ugumu wote umo katika ule mguso: lazima ujue ni mguu upi uliobeba mwili na upi ulio huru, la sivyo hesabu ya tano itakukuta umekwama. Dansi nyingi za aina hii zina hesabu 32, na zikiisha, kundi zima hugeuka robo mzunguko na kuanza upya likiukabili ukuta mwingine. Hapo aliyekuwa amejificha nyuma huweza kujikuta mbele, hana mtu wa kumwiga. Ndiyo maana kikundi chenye uzoefu huwapanga wajuzi katika pembe zote nne na wageni katikati, ili popote watakapogeukia wawe na mgongo wa kuufuata. Mimi huuhesabu mpango huo kuwa uungwana mkubwa: anayejifunza hasahihishwi mbele za watu, na anayejua hana haja ya kujitangaza.

Kuhusu afya, tuseme yaliyothibitika na tuishie hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu angalau siku tatu kwa wiki, kusudi wasianguke. Mwaka 2003 jarida la tiba la New England lilichapisha utafiti uliowafuatilia watu 469 wa Bronx, New York, wenye umri wa zaidi ya miaka 75. Kati ya shughuli za mwili zilizochunguzwa, ni dansi pekee iliyoonekana kuambatana na uwezekano mdogo wa kupatwa na maradhi ya kusahau. Huenda wenye akili timamu ndio waliokuwa bado wanacheza, na watafiti wenyewe walikuwa waangalifu katika jambo hilo. Mimi sihitaji dansi iwe dawa. Inanitosha kwamba inamtaka mzee akumbuke mpangilio, asikilize mdundo na kuhamisha uzito wake kwa wakati mmoja, tena akiwa na wenzake.

Mtu wa huku atauliza: mama aliyepanda na kushuka vilima vya chai tangu ujana wake anahitaji mazoezi gani zaidi? Swali ni la haki. Lakini kuchuma chai huuinamisha mwili mbele, kikapu mgongoni, macho yakifuata vidole, na mwisho wa siku mizani ndiyo inayosema umefanya nini. Dansi humwinua uso na kumpeleka pembeni na kinyumenyume, mahali ambapo kazi haikumpeleka, na hakuna anayempimia kilo. Tena mashine za kuchuma zimeingia katika mashamba makubwa ya Kericho. Zilipochukua kazi ya mikono, zilichukua pia soga za wachumaji, na soga hizo hazikurudishwa na mtu yeyote.

Wengine watasema haya ni mambo ya Wamarekani, kantri yao na kofia zao za wachunga ng'ombe. Hao wakumbushwe Kapkatet. Mwaka 1950 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alirekodi huko wasichana wa Kipsigis wakiimba kumhusu Chemirocha, yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933 na ambaye sauti yake ilikuwa imefika kwenye vilima hivi kwa santuri. Kwa maelezo ya Tracey, wasichana walimfanya kiumbe nusu mtu nusu paa, wakamkaribisha aje acheze. Muziki huu basi ulishapewa uraia hapa kabla wengi wetu hatujazaliwa. Na safu yenyewe haikutoka ng'ambo: wanawake wa Mombasa walikuwa na vyama vyao vya lelemama, wakicheza wamejipanga mstari, kwa miondoko ya taratibu na heshima.

Heshima ndiyo pingamizi ninalolijali zaidi, kwa sababu wanaolitoa hawana nia mbaya. Wanahofia kumwona mzee akijidhalilisha, au mkwe na mkwewe wakikaribiana isivyostahili. Ila safu haimgusanishi mtu na mtu. Mama mkwe anaweza kusimama mwisho huu na mume wa bintiye mwisho ule, wakacheza wimbo mmoja bila desturi kuvunjwa. Kwaya za makanisa ya huku zinapiga hatua kwa pamoja kila Jumapili, na hakuna anayeziita utovu wa adabu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa hadhi. Sioni kwa nini hadhi hiyo isomwe kuwa kukaa kimya kwenye kiti.

Kinachotakiwa ni kidogo: ukumbi wa kanisa wenye sakafu kavu, spika, viti ukutani kwa atakayechoka, na viatu vyenye soli laini, maana gambuti hung'ang'ania sakafu wakati goti linageuka. Afadhali wakutane asubuhi, kwa kuwa mvua ya Kericho hupenda alasiri. Mashindano na vikombe wavikatae kabisa, kwani siku kikundi kitakapoanza kutafuta ushindi, watakaoachwa nje ni wale wenye magoti mabovu. Nyimbo za kantri zipigwe, na za mwimbaji Kipchamba arap Topotuk pia, kwa mwendo wa wazee na si wa vijana. Na kama bado yupo Kapkatet bibi anayekumbuka hatua za ujana wake, aombwe kuzifundisha kwanza, kabla ya hatua yoyote iliyotoka kwenye simu.